Puli Ndogo Kwenye Injini ya Pikapu: Dalili, Chanzo Chake na Pa Kuanzia

Pikapu ikishafungwa puli ndogo ya kranki (gurudumu la mbele ya injini linalovuta mikanda), malalamiko huja yakifanana: gari linachemsha likibeba mzigo, taa za mbele zinafifia usiku, mkanda unalia asubuhi, usukani umekuwa mzito wa kugeuzia sokoni. Wengi hukimbilia kununua alternata (mashine ya kuchaji betri) au rejeta mpya. Mara nyingi spea hizo hazina kosa. Kilichobadilika ni kasi zinazozungushwa, au kuna kitu kiliachwa vibaya siku ya kufunga.

Hesabu kwanza, spana baadaye

Tuseme puli ya kranki ya awali ina kipenyo cha milimita 160 na ya alternata ina 60. Injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 750 kwa dakika, alternata inazunguka 2,000. Weka puli ya kranki ya milimita 130, alternata inashuka hadi 1,625. Hiyo ni pungufu ya karibu asilimia 19. Pampu ya maji, feni, pampu ya stelingi na kompresa ya AC nazo zinashuka hivyo hivyo, ilimradi zinavutwa na puli hiyo.

Faida inatokea hapo pia. Feni ikipunguzwa mizunguko kwa asilimia 19, upepo wake unapungua karibu kiasi hicho, lakini nguvu inayoila kwenye injini inabaki kama asilimia 54 tu ya ile ya mwanzo. Injini ya mashindano inayokaa juu ya mizunguko 4,000 inafaidi kweli. Pikapu inayotoka Kibaigwa, Dodoma, na magunia ya mahindi, au inayopanda gia ya pili kwa mizunguko 1,800 kwenye barabara ya vumbi ya Mpwapwa mwezi wa Oktoba, inaikuta hasara kabla ya faida. Anayefunga puli hizi ili kuokoa mafuta kwenye gari la mzigo ataona tofauti ndogo sana kwenye matumizi ya mafuta, na tofauti kubwa kwenye geji ya joto.

Kokotoa ya gari lako: kipenyo cha zamani toa kipya, gawa kwa cha zamani, zidisha kwa 100. Kwa mkanda wa V pima pale mkanda unapokaa, si ukingo wa puli. Seti nyingine huja na puli ndogo ya kranki pamoja na puli kubwa ya pampu ya maji au alternata, na hapo hasara zinazidishana. Asilimia 15 huku na 15 kule zinakuachia kama asilimia 72 ya kasi ya zamani. Kwa gari la mzigo lenye feni ya mkanda, ukivuka asilimia 15 jiandae kwa kuchemsha na kukosa chaji.

Vifaa vya kuanzia: mita ya umeme, rula ya chuma ya sentimita 60, chaki, tochi na chupa ya kunyunyizia maji. Kabla ya kugusa mkanda zima injini, toa ufunguo na ufungue terminali hasi ya betri. Feni ya umeme inaweza kujiwasha yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Dizeli: pedeli ya breki imekuwa ngumu

Dalili hii iangaliwe kabla ya nyingine zote. Kwenye dizeli nyingi za pikapu, kama Toyota za 2L, 3L na 5L au Nissan TD27, pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa mgongoni mwa alternata. Ukiipunguza kasi alternata, umeipunguza na pampu hiyo. Fundi aliyezoea injini za petroli hukumbuka chaji na kusahau breki.

Kipimo: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedeli iwe ngumu. Iendelee kukanyagwa, kisha washa injini. Pedeli inatakiwa kuzama kidogo ndani ya sekunde chache. Ikizama, iache injini sailensa ukanyage mara nne mfululizo kwa nguvu ya kawaida. Ikigeuka ngumu kwenye mara ya tatu au ya nne na kuchelewa kurudi, kuna shida.

Chanzo cha kwanza ni mpira wa vakyumu uliochomoka au kupasuka alternata iliposogezwa kupata nafasi ya mkanda mpya. Fuata mpira wote kwa mkono na usikilize mfyonzo wa hewa. Chanzo cha pili ni kasi yenyewe: pedeli ni ngumu sailensa lakini inakaa sawa injini ikifika mizunguko 1,500. Hapo dawa ni kurudisha puli ya awali, au kuweka puli ndogo zaidi kwenye alternata ili uwiano urudi. Cha tatu ni pampu au busta (chombo kinachoongezea mguu nguvu kwenye breki) iliyochoka tangu zamani, ambayo kasi ya mwanzo ilikuwa ikiificha.

*Simama hapa:* gari lenye pedeli ngumu halitoki barabarani hata kwa safari fupi ya kulipeleka gereji. Mwite fundi lilipo gari.

Gari linachemsha

Uliza kwanza linachemsha wakati gani. Likichemsha kwenye foleni, likisimama na AC, au likipanda polepole na mzigo, puli inahusika. Likichemsha kwenye lami likiwa kilomita 80 kwa saa bila mzigo, puli usiilaumu, kwa sababu mwendo wenyewe unaleta upepo wa kutosha. Tafuta kwenye rejeta, themostati au gasketi ya hedi.

Kwa linalochemsha polepole, kagua kwa mpangilio huu:

1. *Kava la feni.* Ili kuifikia puli ya kranki, mara nyingi kava linalozunguka feni hutolewa, na mara nyingi mno halirudishwi. Bila kava feni inazungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta. Lirudishe na lifungwe boliti zote.

2. *Maji na hewa iliyonaswa.* Kama rejeta ilishushwa wakati wa kazi, hewa hubaki ndani. Injini ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko, jaza, washa na weka hita kwenye moto wa juu, uache sailensa mpaka mpira wa juu upate joto, huku ukiongeza. Mapovu yakikoma, funga.

3. *Mfuniko wa rejeta.* Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo huchemka huku kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko mzima wa shinikizo la ba 0.9 unayapeleka hadi zaidi ya nyuzi 115. Mpira wake ukikatika na pampu yako inazunguka polepole, huna akiba yoyote. Ni spea ya bei ndogo, badilisha ukiwa na shaka.

4. *Vumbi kwenye rejeta.* Wakati wa kiangazi, udongo mwekundu, mbegu za nyasi na makapi ya alizeti hujaa kati ya kondensa ya AC na rejeta, mahali pasipoonekana kwa mbele. Mulika tochi kutoka upande wa injini. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kuja mbele. Mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi ya rejeta, na mapezi yaliyolala hayapitishi upepo tena.

5. *Njia ya mkanda.* Kwenye mkanda mmoja unaozunguka kila kitu, kuna wanaonunua mkanda mfupi kupita kiasi kisha wakaupitisha njia ya mkato. Pampu ya maji ikiguswa na upande mwingine wa mkanda inazunguka kinyume. Linganisha na mchoro ulio chini ya boneti, au uweke alama ya chaki kwenye puli na umwombe mtu apige starta kidogo, wewe ukiwa umesimama mbali.

6. *Klachi ya feni.* Injini ikiwa imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa kukataa kidogo, na ikatae zaidi injini ikiwa imetoka kufanya kazi. Ikizunguka yenyewe mara kadhaa, au ikiwa na dalili za mafuta katikati, imekwisha.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo useme kasi ya pampu na feni haitoshi. Dawa nzuri ni kupunguza puli ya pampu ya maji kwa uwiano ule ule. Kwa mfano wetu wa 160 kwenda 130, puli ya pampu ya milimita 140 ingeshuka hadi karibu 114, na pampu ingerudi kwenye kasi ya kiwandani. Wengine huweka feni ya umeme. Inasaidia, lakini feni kubwa ya namna hiyo inakula ampea 20 hadi 30, na inazidai kwa alternata ile ile uliyokwisha kuipunguzia kasi. Usiifunge kabla hujapima chaji.

Ukiwa njiani na geji inapanda, shusha gia na uache mizunguko ipande badala ya kukandamiza gia kubwa. Pampu na feni vinaongezeka kasi pamoja na injini. Zima AC na fungua hita.

*Simama hapa:* mshale ukiingia kwenye nyekundu, simama na zima. Usifungue mfuniko kwa angalau dakika 30, wala usimwagie injini ya moto maji baridi. Ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, moshi mweupe usiokoma, au maji yanasukumwa nje kila ukiwasha, usiliwashe tena. Hiyo ni kazi ya fundi injini.

Taa zinafifia, betri haishiki

Mita inamaliza ubishi huu. Betri iliyopumzika saa kadhaa isome kati ya volti 12.4 na 12.7. Ikiwa chini ya 12.2, ichaji kwanza, la sivyo vipimo vyote vitakudanganya. Kisha pima kwenye nguzo za betri mara tatu: injini sailensa bila mzigo wa umeme, sailensa na taa kubwa, feni ya ndani namba ya juu na AC vikiwashwa, halafu mizunguko 1,500 na vitu hivyo hivyo vikiwaka.

Ikiwa kipimo cha pili kiko chini ya 13 na cha tatu kinapanda hadi 13.8 au 14 na ushee, alternata ni nzima, inakosa kasi tu. Ikiwa vyote viwili viko chini, usilaumu puli bado. Hakikisha mkanda hautelezi, kisha pima kati ya nguzo ya B ya alternata na chanya ya betri, mzigo ukiwaka. Tofauti ikizidi volti 0.3, waya au viunganishi vina kutu. Pima na upande wa hasi, kati ya mwili wa alternata na hasi ya betri. Kule ikizidi 0.2, earth ni mbovu, na hii hutokea sana pale waya wa earth ulipofunguliwa wakati wa kufunga puli ukarudishwa juu ya rangi au tope. Viunganishi vikiwa safi na volti bado ni ndogo, sasa fikiria kaboni, dayodi au regulata. Kipimo kikizidi volti 15, regulata imeharibika na betri itachemka. Usiendelee kuendesha.

Kwa alternata inayokosa kasi tu, puli ndogo zaidi ya alternata ndiyo suluhisho lenye akili. Puli ya milimita 60 ikishuka hadi 49 inarudisha karibu uwiano wote. Angalia tu kwamba mkanda unaizunguka vya kutosha. Puli ndogo yenye mkanda unaoigusa chini ya robo ya mzunguko itateleza. Kwenye injini yenye skrubu ya sailensa unaweza kuongeza mizunguko 50 hadi 100, ingawa hiyo ni kutuliza tu. Kufunga alternata ya ampea nyingi bila kugusa kasi mara nyingi hakusaidii sailensa, maana ampea zilizoandikwa kwenye kibandiko hupatikana mizunguko ikiwa juu.

Mkanda unalia, unaruka au unakatika

Sababu inayoongoza ni urefu. Puli ikipungua milimita 30 na mkanda unaizunguka nusu, mkanda unatakiwa kupungua karibu milimita 47, yaani 30 mara 1.57. Wanaobaki na mkanda wa zamani huvuta alternata mpaka mwisho wa reli yake, au huacha tenshena (kikaza mkanda) ikiwa imefika kikomo. Kwenye mkanda wa mifereji, maandishi kama 6PK1825 maana yake mifereji 6 na urefu wa milimita 1825, kwa hiyo kwa mfano huu ungetafuta ulio karibu na 6PK1780. Mkanda wa V uliokazwa sawa, ukiusukuma kwa dole gumba kwa nguvu ya kama kilo 10 katikati ya puli zilizo mbali zaidi, unashuka milimita 10 hivi.

Mlio wenyewe unaeleza. Injini ikiwa sailensa, simama pembeni mikono na nguo zikiwa mbali, nyunyizia maji kidogo upande wa mifereji. Mlio ukitulia kwa muda kisha ukarudi, puli hazijapangana mstari mmoja. Ukizidi, mkanda umelegea na unateleza. Usipake sabuni wala grisi. Vinanyamazisha kwa siku chache huku vikikusanya vumbi linalogeuka msasa.

Upangaji upime kwa rula ya chuma iliyolazwa kwenye uso wa puli ya kranki mpaka puli ya jirani, injini ikiwa imezimwa. Kupishana kukizidi kama milimita 1.5 kwa kila sentimita 30, mkanda wa mifereji utaanza kulia au kuliwa ukingo mmoja. Chanzo huwa puli ambayo haikuingia mpaka mwisho kwenye shafti, washa iliyosahaulika, au puli iliyochongwa leti ikiwa na kina tofauti na ya kiwandani. Ukiweka washa ya kuongezea nyuma ya puli ya kranki unapunguza mshiko wa boliti. Kosa lipo kwenye kuchonga, na ndiko lirekebishwe.

Puli za alumini ni nyepesi na zinavutia macho, lakini kwa vumbi la huku mifereji yake inalika mapema kuliko ya chuma. Pitisha ukucha: ukisikia ngazi kwenye ubavu wa mfereji, mkanda mpya nao hautadumu.

Mtetemo au mlio wa kugonga mbele ya injini

Dalili hii haivumiliki. Puli ya kranki ya injini nyingi ina pete ya mpira kati ya kitovu na ukingo. Mpira ule unameza mtikisiko wa kujisokota unaoipata kranki kila silinda inapowaka. Puli ya kipande kimoja cha chuma au alumini haina kazi hiyo. Matokeo hayaonekani wiki ya kwanza. Huja kama boliti ya kranki inayolegea, kii (kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti) kilichotafuna mfereji wake, na kwenye injini ndefu za silinda sita mstari mmoja, hata kranki iliyopasuka. Kwa injini ambayo puli yake ya kiwandani ina mpira, chagua puli ndogo yenye dampa yake (pete hiyo ya mpira), au acha. Na kama puli ya awali ina uzito wa upande mmoja uliowekwa kwa makusudi kusawazisha injini, puli ya kuchonga mtaani isifungwe kabisa.

Kagua hivi, injini ikiwa imezimwa: shika puli uitikise mbele na nyuma. Haitakiwi kucheza juu ya shafti. Ikicheza, fungua boliti uangalie kii na mfereji wake. Boliti ya kranki hukazwa kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo, ambacho kwa pikapu mara nyingi kinavuka Nm 200. Kukaza kwa bomba refu na kukadiria hakutoshi. Chora mstari wa chaki kutoka boliti hadi puli, uuangalie tena baada ya kilomita 100 hivi.

Wakati wa kuitoa, tumia pula (kifaa cha kung'olea puli) inayofungwa kwa boliti kwenye kitovu. Pula ya makucha ikivuta ukingo inachana mpira wa dampa. Wakati wa kuirudisha usiigonge kwa nyundo, kwa sababu pigo lote linafika kwenye beringi inayozuia kranki isitembee mbele na nyuma.

*Simama hapa:* mlio wa kugonga unaosikika mbele ya injini, au puli inayoonekana kuyumba ikizunguka, ni kuzima mara moja. Kranki ikiliwa ncha yake, gharama inakuwa ya injini nzima.

Usukani mzito, AC vuguvugu

Vyote viwili vikiwa hivyo sailensa tu na vikarudi sawa ukikanyaga mafuta, ni kasi. Hakuna cha kurekebisha zaidi ya uwiano wa puli. Kabla ya kukubali hivyo, angalia kiwango cha oili ya stelingi na kama ina mapovu, kisha mkanda wake. Pampu inayolia muda wote, hata mizunguko ikiwa juu, inakosa oili au imekula hewa. AC isiyopoa hata barabarani ipelekwe kwa fundi wa AC, na mipira yenye gesi usiifungue mwenyewe.

Oili inavuja nyuma ya puli

Shingo ya puli ndiyo inayosuguana na sili ya mbele ya kranki. Ikiwa na mikwaruzo ya leti au ya msasa, inakata mdomo wa sili. Iwe laini kiasi cha kutosikia mstari kwa ukucha, ipake oili kabla ya kuingiza, na sili ibadilishwe kazi ikiwa bado iko wazi. Uvujaji ulioanza siku hiyo hiyo mara nyingi ni mdomo wa sili uliojikunja. Ushughulikie mapema, maana oili ikifika kwenye mkanda unarudi kwenye kulia na kuteleza.

Mshale wa RPM unadanganya, au taa ya injini inawaka

Dizeli ambazo geji yake husoma mapigo kutoka waya wa W wa alternata zitaonyesha mizunguko pungufu kwa asilimia ile ile uliyopunguza. Usipandishe sailensa kwa kuifuata geji hiyo. Pima kwa kifaa kinachosoma kranki yenyewe.

Kwenye injini ambazo meno ya sensa ya kranki yako kwenye puli, puli isiyo na meno hayo haiwashi gari kabisa. Yenye meno yaliyokaa mbali na sensa huleta kukatakata na namba ya kosa P0335. Pima nafasi kati ya jino na sensa kwa filagegi (vipande vyembamba vya kupimia nafasi) ulinganishe na kitabu, kagua kama waya wa sensa haukubanwa na puli, na ikibaki hivyo rudisha puli ya awali kabla ya kununua sensa mpya.